Kikantoni: maneno ya aibu yasiachwe mwisho

Anayejifunza Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangzhou, hupewa ushauri uleule: anza na salamu, bei na chakula, maneno yanayohusu kuona aibu yangoje ukomae. Ushauri huo una mantiki. Lugha hii ina toni 6, yaani namna za kupanda na kushuka kwa sauti zinazobadili maana ya neno, ambazo Jyutping, mfumo wa mwaka 1993 wa kuiandika kwa herufi za Kilatini, huzionyesha kwa tarakimu. Sasa “diu1 gaa2” ni kuumbuka mbele za watu, lakini silabi ya kwanza ukiipandisha badala ya kuishikilia juu, inakuwa “diu2”, tusi la nguoni. Na wapo waliochoka, si bure, na wageni wanaookota maneno mawili kisha wakatangaza kwamba Wachina wote wanaishi kwa kuogopa kuaibika.

Lakini hebu litazame neno “cau2”. Ni ubaya wa sura, na pia ni aibu. Litangulizie “paa3”, kuogopa, unapata “paa3 cau2”: mwenye haya. Bibi akisema hivyo juu ya mjukuu aliyejificha nyuma ya miguu ya mama yake, hamlaumu. Anamwombea radhi kwa mgeni, tena anatabasamu. Mwenye kamusi tu atadhani mtoto kafanya fedheha. Hata kile kimea kinachokunja majani ukikigusa, tunachokiita kifauongo, kwao ni “paa3 cau2 cou2”, nyasi yenye haya. Sisi tumeona ujanja, wao wameona haya; nadhani wao wamekitendea wema zaidi.

Lawama iko upande wa pili: “m4 zi1 cau2”, hajui aibu. Kuiogopa aibu ni jambo la upole, kutoijua ndiyo kashfa. Kwa aliyelelewa akiambiwa uso umeumbwa na haya, na anayemjua mtu wa macho makavu, hapo hakuna kigeni.

Kuna na “sat1 lai5”, kukosa adabu au kutia aibu, linalomtoka hata mtu anayekabidhi zawadi yake ndogo, kwa adabu tu. “Jyu2” ni kuvilia damu, na mtaani ni kuaibika. “Sau1 gaa1” ndilo la kuliendea taratibu, maana limebeba nyumba ndani yake, “gaa1” ikiwa ni nyumba au familia: aibu haikomei kwa aliyekosa.

“Diu1 gaa2” lenyewe ningelifundisha wiki ya kwanza, na lile tusi kando yake, mwanafunzi ayatamke yote mawili darasani kabla hajayachanganya mezani kwa wakwe.