"Nani kakutuma kuua vipepeo?"

Picha yenyewe wengi wenu mmeshaiona. Ilizunguka kwenye simu za Wete, Konde na Micheweni, huku kwetu Pemba, kwa siku tatu. Kijana wa kidato cha tatu kasimama kwenye maonyesho ya skuli, kashika sanduku la mbao lenye kioo juu, na ndani yake vipepeo 42 wamechomwa pini kifuani, mbawa zimetandazwa, safu kwa safu. Yeye anacheka. Waliomjibu hawakucheka. Mmoja kaandika kwamba huo ni ushetani wa kizungu. Mwengine kauliza, mtoto anayeua kipepeo leo, kesho atafanya nini? Na mama mmoja, mpole kuliko wote, kasema tu: "Mwanangu, nani kakutuma?"

Mimi ni jirani wa kijana huyo na sanduku lile nimeliona limefunguliwa, kwa hiyo msitarajie niwe kadhi. Lakini waliomsema nao wana hoja, tena nyengine ni nzito, na nitazipa haki yake.

Kwanza nieleze kilichokuwa hakionekani pichani. Chini ya kila kipepeo pana kijikaratasi ukubwa wa stempu, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: pahala, tarehe, saa, na mti aliokuwa juu yake. "Wete, uani, juu ya mlimau, 14 Mei, saa tatu asubuhi." Wavu kaushona mwenyewe kwa chandarua kilichotoboka, duara la waya, ufito mrefu. Pini alianza na zile za fundi cherehani, zikala kutu kabla masika hayajesha. Sanduku lake la kwanza lilimalizwa na nyenyere: aliliacha mezani usiku mmoja, asubuhi akakuta miili imekwenda na mbawa zimelala chini kama kadi za karata. Siku hizi miguu ya meza imesimama ndani ya makopo ya maji yaliyotiwa mafuta ya taa, kama bibi zetu walivyokuwa wakilinda kabati la sukari, na kila pembe ya sanduku ina naftalini. Vipepeo wanaosubiri zamu hukaa kwenye vibahasha vya pembe tatu, vilivyokunjwa kutokana na daftari za zamani, ndani ya friza ya mama yake, baina ya pweza na barafu za kuuza. Na friza ndiyo inayowaua. Baridi inawalegeza mpaka wanatulia.

Safu ya pili kanionesha wawili. Wote rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe. Nikamwambia mbona umeweka mmoja mara mbili? Akanipa kioo cha kukuzia. Wa kwanza, Danaus chrysippus kwa jina la kitabuni, ana vidoa vyeusi vitatu vinne katikati ya bawa la nyuma. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu ile inabaki mwilini hata akiwa kipepeo, kwa hiyo ndege akimwonja humtema na hamsahau. Wa pili ana doa moja tu, juu kwenye ukingo. Huyo ni jike wa Hypolimnas misippus, hana sumu yoyote, kavaa tu nguo ya mwenziwe ili ndege wamwogope. Dume lake lilikuwa pembeni: jeusi, lina mabaka sita meupe yenye mng'ao wa zambarau. Ungenambia ni mume wa yule wa chungwa ningekucheka. Nimeishi na wadudu hawa uani kwangu zaidi ya miaka hamsini na nilikuwa nahesabu watatu kuwa wawili, tena nikikosea nani ni nani.

Sasa hoja za upande wa pili. Ya dini ndiyo kubwa, na imesemwa kwa nia safi. Imepokewa hadithi ya shomoro, kwamba mwenye kumuua bila ya haki yake ataulizwa mbele ya Mola. Ipo na ya Nabii aliyeng'atwa na sisimizi mmoja akaamrisha kijiji chao kizima kichomwe, akalaumiwa. Kwa hiyo anayesema kipepeo si kitu cha kuchezea ana pa kusimama. Lakini maneno "bila ya haki yake" yana mlango ndani yake, na kama kusoma kunapita mlango huo ni kazi ya masheikh kutwambia, si yangu. Langu ni kuuliza mizani yetu sisi wengine iko wapi. Baina ya 1994 na 1997 ndugu zetu wa Unguja waliondolewa mbung'o moja kwa moja: madume zaidi ya milioni 8, waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, walimwagwa kutoka kwenye ndege mpaka majike yakawa yanapandwa bila kuzaa. Ng'ombe wakapona nagana, maradhi yanayoletwa na mbung'o, na watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kila magharibi tunapuliza dawa vyumbani bila kuuliza nani kafa zaidi ya mbu. Vipepeo 42 wenye tarehe zao ndio wamekuwa kesi.

Ya pili ni ya ukoloni. Hii nami inaniuma. Paa nunga, ambaye wazee wa Unguja walimjua kwa jina lake, kitabuni ni wa Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya kikoloni. Chui wa Unguja mwaka 1932 akaandikishwa kwa jina la mtu huyo huyo. Popo wetu wa Pemba amebeba jina la Mjerumani, Voeltzkow. Walter Rothschild wa Uingereza alipofariki 1937 aliacha vipepeo na nondo zaidi ya milioni 2, kwenye madroo, nchini kwao. Anayeona wavu mkononi mwa mtoto akakumbuka hayo yote simlaumu. Ila naona kakasirikia pahala pabaya. Sanduku hili liko Wete, limeandikwa kwa mkono wa Mpemba, na siku mtu wa London akitaka kujua nini kilikuwa kikiruka Wete mwezi wa Mei, itabidi apande ndege aje huku aombe ruhusa ya mama mwenye friza.

Ya tatu ni kwamba wataisha. Hapa hesabu yenyewe inasaidia. Chukua jike wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye viwavi wake wanakula ndimu zetu. Wakiwa wadogo wanafanana na mavi ya ndege, ukiwagusa wanachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Tuseme kataga mayai 200. Kama mwaka ujao uani pana vipepeo wale wale kwa idadi, maana yake katika 200 wamefika ukubwani na kuzaa wawili tu. Wengine 198 wameliwa na buibui, nyigu, ndege na mjusi, au na mwenye mlimau aliyewakanyaga kwa kandambili. Kijana na wavu wake hata haonekani kwenye hesabu hiyo. Ukikata mlimau, ndipo anapokufa na wa mwakani.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana kuna takwimu moja hainiachi nilale.

Magharibi mwa Ujerumani pana mji unaitwa Krefeld, na tangu 1905 una chama cha wapenda wadudu. Wengi wao si wasomi wa kuajiriwa. Ni watu wenye kazi zao wanaofanya haya kwa mapenzi. Kuanzia 1989 hadi 2016 walitega vibanda vya wavu katika maeneo 63 ya hifadhi. Mdudu anaingia, anapanda juu kufuata mwanga, anaangukia kwenye chupa ya spiriti. Wanaipima chupa, wanaiandika, wanaihifadhi. Miaka 27 ya kuua wadudu, kwa lugha ya waliomsema jirani yangu. Mwaka 2017 hesabu ikatoka: uzito wa wadudu wanaoruka ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo tatu.

Isomeni tena. Ukiwa na vibaba vinne, vimebaki kisichotimia kimoja. Na haya yalikuwa maeneo ya hifadhi. Wapo waliokosoa, na wana lao: kilichopimwa ni uzito, si aina za wadudu, na maeneo mengi yalitegwa mwaka mmoja tu, kwa hiyo kulinganisha kunataka uangalifu. Sawa. Lakini hata ukosoaji huo umewezekana kwa sababu chupa zipo. Mtu anaweza kuzifungua akahesabu upya. Bila wale wenye chupa, Ujerumani nzima ingekuwa inasema kama tunavyosema sisi barazani: "Zamani wadudu walikuwa wengi." Mzee mmoja hapa Wete, dereva wa zamani, hunihadithia kwamba akitoka Chake usiku alikuwa akisimama njiani kufuta kioo cha gari. Namwamini. Lakini hadithi yake siwezi kuipima, wala siwezi kusema ni robo, nusu au robo tatu, wala walikuwa wadudu gani.

Na hasara si ya urembo tu. Mipapai inachavushwa na nondo wakubwa wanaoruka jioni kwa kasi, midomo yao mirefu kama uzi; wakipungua, anayejua habari kwanza ni muuza papai wa kwenye genge. Minazi je? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alikuwa Unguja akichunguza kwa nini nazi changa zinadondoka, na maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, wanahusika vipi. Mwenye kosa akawa mdudu mdogo anayefyonza nazi ingali changa. Mwaka 1955 akapewa jina, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtafiti huyo. Maji moto, ambao kila mkwezi anawalaani, wakaonekana ndio walinzi wa mnazi. Kwa kawaida huwezi kumpa mdudu jina la kitaalamu bila ya kumshika, kumhifadhi na kumweka pahala ambapo mwengine atakuja kumwangalia.

Wapo wanaosema basi apige picha, simu anayo. Kwa vipepeo wakubwa wanaojulikana nakubali kabisa, picha yenye tarehe na pahala inatosha, na kijana mwenyewe siku hizi anafanya hivyo kwa aina ambazo tayari anazo sandukuni. Nondo ndio mtihani. Kuna nondo wa kijivu ambao hata bingwa hawatofautishi mpaka afungue tumbo aangalie viungo vya uzazi kwa darubini. Picha ya simu itakupa nondo wa kijivu.

Nilipoona upande wa pili umepatia bila ubishi ni pawili. Pa kwanza ni biashara. Mwaka 2007 Mjapani Hisayoshi Kojima alifungwa miezi 21 Marekani kwa kuuza kwa magendo vipepeo adimu, akiwemo yule mkubwa kuliko wote duniani wa Papua New Guinea. Kipepeo akishapata bei, wavu hautosheki. Vikifika kwetu vile vifremu vya ukutani vya kuwauzia watalii, bila karatasi wala tarehe, mimi nitakuwa wa kwanza kulalamika. Kufuga ni jambo jengine. Kile Kituo cha Vipepeo cha Pete, karibu na Jozani, wanakijiji wanawalea toka viwavi na mgeni analipa kuwaona wakiruka.

Pa pili ni Ngezi, ule msitu wa kaskazini mwa Pemba. Hesabu yangu ya mayai 200 inafaa kwa mdudu anayepatikana kila ua kuanzia Wete hadi Mkoani. Haifai kwa kipepeo anayekaa kwenye kipande cha msitu tu, kisiwani, ambapo majike thelathini huenda ndio wote. Msitu ule ni wa hifadhi, una sheria yake na maofisa wake, na kibali hakiombwi kwa kusema ni mradi wa skuli. Kijana alikuwa amekwenda huko mara mbili bila kumwuliza mtu. Vipepeo watano kati ya 42 ni wa Ngezi. Karatasi zake zinasema wazi, ndivyo nilivyojua. Nikamwambia hapo wenzako wamekushinda. Hakubisha. Kaandika barua kwa maofisa wa misitu, kaeleza alichochukua na siku aliyochukua, na mpaka wamjibu wavu wake hautavuka Konde.

Kwa sasa anashughulika na nondo wa taa. Usiku hutandika shuka jeupe ukutani karibu na taa ya baraza, na sote wa mtaa tumeshazoea kumwona kachuchumaa na daftari. Mama yake ndiye aliyebaki na neno. Vibahasha vimeshafika droo ya pili, na keshamwambia kwamba Ramadhani ikiandama anataka friza yake, kwa sababu sambusa hazina pa kukaa.