Okestra Isiyocheka

John Landis alipotengeneza Animal House mwaka 1978, filamu ya wanachuo walevi na wakorofi, muziki alimpa Elmer Bernstein. Huyu ndiye aliyetunga muziki wa The Ten Commandments na The Magnificent Seven, na hakuwa mtu wa vichekesho. Landis alimfahamu tangu utotoni, maana alikuwa rafiki wa mwanawe Peter, na ombi lake lilikuwa moja tu: andika kana kwamba filamu hii ni ya mambo mazito. Matokeo yanasikika tangu mwanzo. Tunaonyeshwa sanamu ya mwanzilishi wa Chuo cha Faber, chini yake pamechongwa maneno yasemayo kwamba elimu ni kitu kizuri, na okestra inapiga wimbo wa taratibu, wenye heshima zote za mahafali. Hakuna ala hata moja inayomkonyeza mtazamaji.

Kwangu mimi hapo ndipo ulipo utamu wa muziki wa okestra katika filamu za zamani za kuchekesha: unakataa kucheka. Lakini wapo wanaoshikilia kwamba muziki wa kichekesho sharti nao uchekeshe, na hoja zao si za kupuuzwa.

Charlie Chaplin aligombana na watu wa namna hiyo mapema kabisa. City Lights ilitoka mwaka 1931, wakati filamu za maongezi zimeshatawala, naye akakataa maongezi ila akautunga muziki mwenyewe. Hakujua kusoma nota. Alikuja na sauti kichwani, Arthur Johnston akaziandika. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kwamba wapangaji wa muziki walitaka uwe wa kuchekesha, yeye akagoma. Hakutaka muziki ushindane na vituko vyake. Alitaka uwe na madaha na hisia. Tazama pale anapokutana na msichana kipofu anayeuza maua. Msichana anasikia mlango wa gari ukifungwa, anadhani mnunuzi ni tajiri na ameshaondoka zake. Chaplin, anayeigiza maskini, ananyata, anarudi kuketi karibu ili amtazame, na binti, asijue kuna mtu, anasuuza chombo chake na kumrushia maji usoni. Wimbo unaomwandama msichana huyu ni La Violetera wa José Padilla, ambaye baadaye alimshtaki Chaplin kwa kutomtaja, akashinda. Kituko kiko machoni, mapenzi yako masikioni. Ungeweka pale ngoma ya kuigiza mrusho wa maji, ungebaki na mtu aliyelowa, basi.

Sasa upande wa pili, na mtetezi wake mkubwa naona ni Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa Tom and Jerry. Kule Hollywood mtindo wa muziki kuigiza kila hatua ulipewa jina la Mickey Mouse, na watunzi wengi huutaja kwa dharau. Bradley aliufanya kuwa sanaa ngumu. Mwaka 1944, katika Puttin' on the Dog, panya anakimbia akiwa ndani ya kichwa cha mbwa cha bandia, na Bradley anamsindikiza kwa mfumo wa sauti 12 wa mtunzi Schoenberg, unaozipa sauti zote 12 hadhi sawa, muziki ambao hata mashabiki wa okestra wengi waliukimbia. Watoto waliusikiliza wakicheka. Nakubali kabisa kwamba pale muziki unaofuata kila unyayo ni lazima: paka wa kuchorwa hana uzito, muziki ndio unaompa mwili. Mwigizaji wa kweli mwili anao tayari. Akianguka naye na ngoma ikaanguka, kichekesho kimesimuliwa mara mbili.

Kuna pia hoja ya zama. Mwaka 1984 Harold Faltermeyer alimpa Eddie Murphy sauti ya sinthesaiza katika Beverly Hills Cop, na nani angetamani fidla pale? Kijana yule mjanja wa mjini angezeeka ghafla. Mwaka huohuo Bernstein aliandika muziki wa Ghostbusters, akitumia ondes Martenot, ala ya umeme ya Kifaransa yenye kilio kama cha pepo, ikipigwa na Cynthia Millar. Wimbo wa Ray Parker Jr. ndio ulioshika namba moja Marekani. Albamu ya muziki wa Bernstein ilisubiri hadi 2006. Na sisi tuliozoea vibanda umiza, ambako mtafsiri husema juu ya filamu mwanzo hadi mwisho, tulijua vituko vyote bila kuisikia okestra hata kidogo. Inafaa kuzirudia filamu hizi kwa spika nzuri.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mazoea. Baada ya Animal House zilifuata Airplane!, Stripes, Trading Places na Three Amigos, zote zikiwa na Bernstein. Uzito ukishazoeleka, mtazamaji anausubiri, na tarumbeta la heshima linakuwa ishara ya "cheka sasa", yaani ngoma ileile tuliyoikimbia. Airplane! ya 1980 iko ukingoni kabisa: mkia wa ndege unapasua mawingu kama pezi la papa, na muziki unaiga waziwazi ule wa Jaws, filamu ya papa mla watu. Kinachoiokoa ni kwamba muda si mrefu fidla zinashika wimbo wa mapenzi na kuupiga kwa moyo wote, bila mzaha.

Bernstein mwenyewe alichoka kuitwa kwa vichekesho tu, akageukia kazi nyingine kama My Left Foot ya 1989. Naona alifanya vyema. Wengi waliomwiga walichukua zile tarumbeta na kuiacha imani yake kwamba hata wale wanachuo walevi wa Faber walistahili muziki wa kweli.