Kabla hujalaumu kidole, angalia ramu

Mwezi uliopita, wakati wa maji ya bamvua, nilishuka pwani upande wa Micheweni na laptopu yangu mkobani. Programu tuliyowatengenezea akinamama wanaolima mwani ilikuwa imeshatumika wiki tatu, na taarifa zilizotufikia Wete zilisema jambo moja tu: watumiaji hawajui kubonyeza. Polo moja la mwani mkavu linaonekana limepimwa mara tatu. Kilo za kwenye simu zinazidi mzigo uliopo ghalani. Wenye mradi walishaanza kuulizana kama kuna mkono wa mtu.

Mama mmoja wa makamo alinipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, gigabaiti 1. "Mwanangu, mie nabonyeza mara moja," akaniambia. "Haisikii. Nabonyeza tena. Halafu inaandika yote."

Alikuwa amenieleza hitilafu nzima, mwanzo hadi mwisho. Wiki tatu tulikuwa tunatafuta mwizi, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Simu yake haikuwa kiziwi. Programu ya Android ina uzi mmoja mkuu wa kazi. Huo ndio unaochora kioo na huo huo ndio unaopokea miguso. Ukishughulishwa na kazi nyingine, miguso haipotei, inapanga foleni. Mama anabonyeza "Hifadhi", haoni kitu, anabonyeza tena, na tena. Uzi ukipata nafasi unaisoma foleni yote: hifadhi, hifadhi, hifadhi. Mguso ukikaa sekunde 5 bila kujibiwa, Android yenyewe humwambia mtumiaji kuwa programu haijibu. Sisi tulikuwa tunakawia sekunde mbili au tatu, kwa hivyo hata onyo hilo halikutokea.

Kilichoushika uzi ni picha ya mizani. Kila polo likipimwa, mtu anapiga picha ya namba, nasi tulikuwa tunaifungua picha hiyo nzima nzima ili tuonyeshe kijipicha cha ukubwa wa stempu. Hapa wengi wetu tunajidanganya. Picha ya megapikseli 8 ikiwa faili inaweza kuwa megabaiti 2 au 3, tunaona si kitu. Lakini ikifunguliwa ionekane kiooni, kila nukta inachukua baiti 4: nukta milioni 8 mara 4, megabaiti 32. Picha tano kwenye orodha, 160. Kwenye simu ya gigabaiti 1, ambayo sehemu yake kubwa imeshaliwa na mfumo wenyewe, hapo umekwisha. Mzoa taka wa kumbukumbu, sehemu ya mfumo inayoondoa vilivyokwisha kutumika, anazunguka bila kupumzika kutafuta nafasi, na kila akizunguka programu inasitasita. Ukisoma vipimo vya picha kwanza, kisha ukaifungua kwa robo ya upana na robo ya urefu, ile 32 inakuwa 2. Ni mistari michache ya msimbo, na kazi yenyewe unaihamishia nje ya uzi mkuu.

Kwa hivyo nashikilia hivi: malalamiko mengi ya "tachi mbovu" kwenye simu za bei nafuu ni malalamiko ya kumbukumbu. Kidole ndicho kinachogundua mwanzo, basi kidole ndicho kinachobeba lawama.

Sisemi kioo hakina makosa kabisa. Kioo cha simu kinaihisi nguvu ndogo ya umeme inavyobadilika kidole kinapokaribia, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri. Tone moja linaweza kusomwa kama kidole, na mkono uliotoka baharini unaweza usisomwe ipasavyo. Hilo msimbo hauliponyi. Lakini kuweka "Futa" ubavuni mwa "Hifadhi", tena vitufe vidogo, ni uamuzi wetu, bahari haikuhusika. Mwongozo wa Android unataka kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo chake cha ukubwa kiooni) kila upande, takriban milimita 9. Vyetu vilikuwa 28. Nilimwona dada mmoja akikigonga kwa ukucha, kwa tahadhari, kama anayetoa mwiba.

Kulikuwa na jingine dogo: kitufe kinachobaki kimewiva rangi kama kimeshikwa wakati mtu ameshaondoa kidole. Kidole kikiteleza kidogo, orodha inauchukua mguso ili isogee, na kitufe kinapelekewa habari ya kughairiwa. Tuliandika msimbo wa kugusa na wa kuachia, wa kughairiwa tukausahau.

Lililoniumiza zaidi ni la kamera. Mama anajaza jina, kijiji, aina ya mwani, kilo. Anafungua kamera. Kamera inataka kumbukumbu nyingi, simu inaangalia nani aliye nyuma asiyetazamwa, inaiua programu yetu. Anarudi, fomu nyeupe. Anaanza upya, jua la saa sita, na maji hayamsubiri. Ofisini halikutokea hata siku moja, kwa sababu simu zetu zina ramu ya kutosha kuzibeba zote mbili. Na kulijaribu si kazi: kwenye mipangilio ya wasanidi programu kuna swichi inayoua kila ukurasa mara tu unapouacha. Ukiiwasha, utayaona ndani ya dakika moja. Dawa yake ni kuhifadhi kila neno linapoandikwa, usingoje "Hifadhi".

Mwenzangu mmoja alipendekeza tuombe nafasi kubwa zaidi kwenye faili la utambulisho wa programu, largeHeap ile, mambo yaishe. Nilikataa na nitakataa tena. Simu ya gigabaiti 1 haipati ramu mpya kwa kuombwa, na programu inayojaza nafasi kubwa ndiyo inayokuwa ya mwanzo kuuawa ikienda nyuma. Tulipoiendesha LeakCanary, zana ya kutafuta kumbukumbu inayovuja, tukakuta kurasa zilizofungwa bado zimeshikiliwa kwenye kumbukumbu, kwa kuwa kisikilizi cha mahali, kile kinachopokea habari za simu iko wapi, hakikufutwa. Ni kama mpangaji aliyehama na ufunguo mfukoni: chumba kitupu, lakini humpangishi mtu. Mtu akiifungua na kuifunga fomu mara ishirini, vyumba ishirini vimefungwa.

Ninachotaka kwa wenzangu, Unguja na Pemba, ni kwamba simu ya gigabaiti 1 au 2 iwe juu ya meza tangu siku ya kwanza, na bei yake iandikwe kwenye bajeti ya mradi kama inavyoandikwa nauli ya boti. Na wenye miradi wasikubali kupokea programu ambayo haijashikwa na mikono ya atakayeitumia, pale atakapoitumia.

Tumekiziba kitufe baada ya mguso wa kwanza, na kila polo limepewa namba yake ya pekee ili seva ikatae marudio. Bamvua hili nilirudi. Yule mama akapima, akapiga picha, akabonyeza. Mstari mmoja. Akautazama kwa muda, simu kaisogeza mbali na macho.

"Sasa hizi namba za kilo," akasema, "zikuze. Miwani mie naiacha nyumbani."