Spika za Baba Mkwe na Baraza la Masikio

Kanuni ya kwanza ya kupima ubora wa spika ni kutozitazama. Huo si uzushi wangu, kwani mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman ya Marekani waliwasikilizisha watu spika zile zile mara zikiwa wazi, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, na ikabainika kwamba macho huyavuruga masikio, hata masikio ya wazoefu. Nililishika jambo hilo kama amana. Ndiyo maana baba mkwe wangu, mstaafu wa Magomeni ambaye amekuwa mpenzi wa muziki wa dansi tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz, aliponituma nimtafutie spika ndogo za kuweka kwenye rafu ya sebuleni, zisizozidi laki tatu kwa jozi, niliazimia kwamba katika nyumba ile hakuna mtu atakayechagua kwa macho.

Jozi ya kwanza niliitoa Kariakoo, dukani kwa kijana ambaye kila alipogusa spika za bei kubwa alikuwa akiongeza sauti kidogo kwa kidole gumba, huku akinitazama usoni ili nisiutazame mkono wake. Zilikuwa nyeusi zinazong'aa, koni zake zina rangi ya dhahabu, na katoni ilitangaza wati 1,200, ilhali kibandiko kilichokuwa nyuma ya boksi kilikiri wati 40. Wati 1,200 ni umeme wa pasi ya kunyooshea nguo. Kama katoni ile ilikuwa inasema kweli, basi Mzee angeweza kusikiliza muziki na kunyoosha kanzu kwa wakati mmoja. Jozi ya pili ilikuwa ya mtumba, nayo niliipata kwa fundi mmoja wa Ilala: maboksi ya mbao yaliyochubuka pembeni, wavu mmoja umetoboka, wala hayana makuu yoyote. Wote wawili nililipa kwa sharti kwamba jozi itakayoshindwa itarudi ilikotoka.

Jumapili saa tatu asubuhi nilikuwa nimekwisha kupanga sebule. Amplifaya ya Mzee ni ya Kijapani, ya zamani, yenye swichi ya A na B ya kuchagua jozi ipi ya spika ilie, kwa hiyo jozi mpya nikaifunga A na ya mtumba nikaifunga B. Zote nne nikazipanga rafuni, twita, yaani vile vipaza vidogo vya sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, kisha nikatumia programu ya simu kusawazisha sauti, kwa sababu tofauti ya desibeli moja tu inatosha kumfanya msikilizaji aipende spika moja kuliko nyingine bila kujua kwamba alichokipenda ni kelele. Mbele ya rafu nikatundika kanga, kwa kuwa kitambaa chepesi cha pamba hakizuii sauti. Kwa bahati mbaya kanga iliyokuwa karibu iliandikwa "Hasidi hana sababu", na mama mkwe alipoingia na birika la chai akaisoma, akasimama, akaniuliza kwa upole uliotisha, "Mwanangu, humu ndani hasidi ni nani?" Ilinilazimu kuigeuza ndani nje kabla ya kuendelea.

Baraza lilikuwa la watu wanne: Mzee, Mama, shemeji yangu, na jirani mmoja fundi cherehani anayesifika kwa kusikia sindano ikianguka hata wakati mashine inazunguka. Muziki wa simu Mzee aliukataa katakata. Alitaka redio, kipindi chake cha zilipendwa cha kila Jumapili, na kwa kuwa spika ni zake, redio ndiyo iliyochezwa. Nilifunga madirisha ili kelele za mtaani zisiingie. Nikafunga mlango. Kisha nikazima feni, maana feni ile inalia. Anayeijua Magomeni ya mwezi Februari anaweza kukadiria mwenyewe hali ilivyokuwa baada ya nyimbo mbili. Fundi cherehani alikuwa amekunja suruali hadi magotini, na jasho la shemeji lilikuwa likidondoka ndani ya kikombe chake cha chai.

Nilianza na A. Sikuwa nimetarajia makubwa, kwa kuwa waya mnene wa gita la besi hutoa mlio wa takriban Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wufa, kile kipaza cha besi, ya sentimita 10 ndani ya boksi dogo huanza kuishiwa pumzi hata kabla ya kushuka hadi Hz 60. Lakini besi iliyotoka hapo ilikuwa ya ajabu. Ilijaa sebule, ikakaa vifuani mwetu, na glasi za Mama ndani ya kabati la vyombo zikaanza kugongana taratibu kwa kufuata mapigo.

"Hizo!" alisema Mzee, macho ameyafumba. "Hizo zina watu ndani."

Nikabonyeza B. Besi ikapotea kama iliyokatwa kwa mkasi wa fundi cherehani, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa. Zilibaki sauti za waimbaji na magita, safi kabisa, lakini baraza lilikuwa limekwisha kuonja kitu kingine. Shemeji akasema B zina njaa. Nikarudi A baada ya wimbo kumalizika na matangazo kupita, na besi ikarudi vile vile, nzito, imetulia, glasi zikalia tena.

Hapo ndipo nilipotoa maelezo. Niliwaeleza kwamba spika ikikaribia ukuta, mawimbi ya besi hurudishwa na kujumlishwa na yale yanayotoka mbele, kiasi kwamba hata boksi dogo huweza kusikika kubwa. Kwamba bila shaka matundu ya hewa yaliyo nyuma ya A yalikuwa yameelekezwa vizuri kwenye pembe ya chumba. Na kwamba uzuri wa jaribio la pazia ni huu hasa, kuibua ubora ambao macho yangeudharau. Kila neno katika maelezo hayo ni sahihi, na ninayasimamia hadi leo. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipomaliza sentensi, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu nitoe mahari.

Nikiwa bado nimesimama mbele ya kanga, mkono hewani, besi ikaanza kuondoka.

Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Waimbaji walibaki palepale, magita yalibaki palepale, lakini besi ilishuka kutoka vifuani hadi magotini, kutoka magotini hadi kwenye zulia, na glasi zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kisha tukaisikia kwa mbali, upande wa nje, ikipanda tuta, ikishuka tuta, ikiendelea na wimbo ule ule bila kukosea pigo hata moja.

Mzee alifumbua macho. "Mkwe," aliniuliza, "besi yangu inakwenda wapi?"

Shemeji alifungua dirisha, akachungulia. "Inakata kona, Baba," alisema. "Inaelekea Kigogo."

Ilikuwa bajaji. Shemeji alitoka mbio na kandambili za mama yake, hakuikuta, lakini maskani walimjua dereva, wakampigia simu, na baada ya kushusha mzigo kijana akaja mwenyewe, ana wasiwasi, akidhani ameitwa kwa kosa la kugonga kitu. "Shikamoo mzee wangu. Nimeambiwa mnanitafuta." Mzee aliitikia, akamwekea kiti, akaagiza aletewe chai, halafu akamtaka aeleze alikuwa wapi kuanzia saa tatu.

Alikuwa ameegesha nyuma ya ukuta wetu, hatua mbili kutoka kwenye rafu, akimsubiri mama wa nyumba ya jirani aliyekuwa akipeleka masufuria kwenye shughuli. Nyuma ya kiti cha abiria amefunga wufa ya inchi 12, na kwa kuwa twita zake ziliungua zamani, redio yake hutoa besi tupu. Stesheni ilikuwa ile ile ya Mzee, kwa sababu, alivyotueleza, abiria wenye umri wakisikia dansi hawabishani sana juu ya nauli. Katikati, yule mama alimwamuru azime redio ili wasikilizane wakati wa kupakia masufuria, na huo ndio wakati ambao mimi nilikuwa nimebonyeza B. Masufuria yalipokwisha kupakiwa, aliwasha tena.

Kisayansi hapakuwa na namna ya kumshtukia. Ukuta wa tofali huzuia vizuri sauti nyembamba na kuipitisha besi. Tena wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7, ilhali la Hz 5,000 lina sentimita 7 tu, na kichwa cha binadamu, hata kiwe kikubwa kama cha shemeji, ni kidogo mno kuweza kutambua wimbi la mita 7 limetokea upande gani. Mawimbi ya FM nayo yalizifikia redio zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapakuwa na mwangwi wa kututahadharisha. Niliyasema hayo yote, lakini safari hii Mzee hakuitikia kwa kichwa.

Jaribio lilirudiwa bajaji ikiwa imezimwa na ufunguo wake ukiwa mezani, feni ikizunguka na madirisha yakiwa wazi, kwa kuwa Mama alisema hatakufa kwa joto kwa ajili ya spika. Kelele hazikuharibu lolote, maana tofauti ilikuwa wazi mno. Bila msaada kutoka nje, A zilikuwa na sauti ya kopo, na waimbaji wakapayuka puani. Kwenye B, gita la solo lilisimama peke yake, la ridhimu likasikika pembeni yake, na Mzee akamtambua mpiga tumba kwa namna anavyoachia kiganja. Dereva, ambaye alikuwa amekwisha kuongezwa barazani, alizipigia kura B kabla hata sijamaliza kuuliza. Jozi A niliirudisha Kariakoo Jumatatu, na kijana wa duka alinikata elfu ishirini za katoni iliyochanika.

Lakini Mzee alikuwa bado hajamwachia dereva. Alitaka kujua gharama ya wufa ile, akaguna alipotajiwa, akanywa chai, kisha akauliza ni shilingi ngapi kuegesha mahali pale pale kila Jumapili, saa tatu hadi saa sita, redio ikiwa kwenye stesheni yetu. Kijana akasema elfu kumi. Mzee akasema elfu tatu na chai. Walikubaliana elfu tano, chai na chapati mbili, Mama akiwa ameketi kati yao kama mwenyekiti kwa ajili ya usalama wa glasi zake.

"Ila mzee wangu," kijana aliongeza, akichukua ufunguo wake, "abiria akitokea itabidi niondoke."

"Ondoka," alisema Mzee. "Lakini usiondoke katikati ya sebene."