Mafumbo Mengine ya Sataranji Yasiwe na Chekimeti

Karatasi za mafumbo wanazopewa watoto wanaojifunza sataranji zina kasoro moja: zinaahidi. Juu pameandikwa "Weupe waanze, chekimeti kwa hatua moja," yaani mfalme mweusi ashambuliwe asipate pa kuponea, na mtoto anajua tayari kwamba ushindi upo. Basi anapapasa. Malkia huku, ngome kule, mwisho analiangukia jibu. Mchezoni hakuna wa kumnong'oneza kwamba sasa mfalme anafungika.

Ndiyo maana nataka kila rundo la mafumbo lichanganywe na machache yasiyo na chekimeti, na mtoto asiambiwe ni yapi.

Tuseme mfalme mweusi yuko g8 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari kuanzia upande wa weupe), askari wake wako f7, g7 na h7. Weupe wana mfalme g1 na ngome d1. Ngome ikipanda d8, mchezo umekwisha: mfalme amezibwa na askari wake mwenyewe. Sasa mweke askari wa h7 kwenye h6, vingine vyote vibaki vilivyo. Wengi watapeleka ngome d8 vilevile, kwa mbwembwe, na mfalme atachepukia h7. Picha hizi mbili zikiwekwa sambamba zinafundisha kuliko ukurasa mzima wa mafumbo yanayofanana.

Swali la kumuuliza mtoto, basi, ni mfalme atakimbilia wapi. Cheki, yaani mfalme kushambuliwa, ina majibu matatu tu: mfalme ahame, kete nyingine imkinge, au anayeshambulia aliwe. Mtoto ayataje yote kwa mdomo kabla ya kugusa kete. Inachosha, na wapo watakaonuna. Wanune tu.

Mafumbo ya hatua mbili yasubiri hadi mazoea hayo yakomae, kwa sababu huko utamu wote umo kwenye jibu la mpinzani. Mfalme mweusi h8, ngome yake f8, askari g7 na h7. Weupe wana malkia c4 na farasi h6. Malkia anajitupa g8! Mfalme hawezi kumla, farasi anamlinda. Ngome inalazimika kumla, na kwa kufanya hivyo inaiacha f7 bila mlinzi na kuziba mlango wa mwisho wa mfalme. Farasi anaruka f7, chekimeti. Asiyezoea kuhesabu milango ataona malkia aliyepotea bure.

Na mtoto akisema "hapa hakuna chekimeti," asipongezwe papo hapo. Aonyeshe kwanza mfalme anatokea wapi.