Nyumba Moja, Faili Tatu

Kila vijana wenye mapanga wanapovamia watu Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, mjadala wetu huanzia siku ile ile panga lilipoonekana. Polisi walikuwa wapi? Wazazi walikuwa wapi? Muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, unaingiaje mtaani? Wazee wa mtaa huitwa, kikao hufanyika, viongozi hutoa makataa, na baada ya wiki mbili mji umeendelea na shughuli zake. Mimi naona tunaanza kuuliza tukiwa tumechelewa miaka kumi. Kijana yule alikuwa mtoto, na alikuwa akiishi kwenye nyumba, na yaliyotokea ndani ya nyumba ile kuna watu waliyajua.

Ninajitolea kuwasindikiza kina mama wenye kesi za kupigwa: kwa daktari kujaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, dawati la jinsia la polisi, mahakamani. Kazi hii ndiyo iliyonifanya nitafute maandishi ya Jeffrey Edleson, msomi wa ustawi wa jamii wa Marekani. Alifundisha Chuo Kikuu cha Minnesota kwa zaidi ya miongo miwili, kisha mwaka 2012 akawa mkuu wa kitivo cha ustawi wa jamii huko Berkeley, California. Alianza kwa kuchunguza wanaume wanaowapiga wake zao na namna ya kuwabadilisha. Baadaye akawageukia watoto waliokuwa chumba cha pili wakisikiliza, na hao akakaa nao sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Ninachomheshimia zaidi ni kuona kwamba kesi ya mama anayepigwa na ile ya mtoto anayeharibikiwa ni kesi moja. Kwao, kama kwetu, ofisi zilikuwa zimewagawanya. Waliotetea wanawake walimwona mama peke yake. Maafisa wa watoto walimwona mtoto, na mara nyingi walimlaumu mama kwa kutomkinga. Mahakama ilimwona yeyote aliyeletwa mbele yake siku hiyo. Mwaka 1999 yeye na Susan Schechter, mtetezi wa wanawake wanaopigwa, waliandika mwongozo, uliotolewa na baraza la majaji wa mahakama za watoto na familia, wa kuzifanya pande hizo tatu zifanye kazi pamoja. Serikali yao ikagharamia maeneo 6 kuujaribu.

Sasa nieleze nilichokiona hapa Mombasa. Mambo mengine nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.

Kijana wa miaka 14, baba yake askari wa usiku. Baba hurudi saa moja asubuhi, na saa hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu akirudi na hasira zake humkuta mama jikoni. Kijana alikuwa hatoki nyumbani mpaka amsikie baba anakoroma. Ndipo huvaa viatu akaenda shule, akafika saa tatu, kipindi cha kwanza kimekwisha. Shuleni aliandikwa mchelewaji sugu, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi muhula mzima. Hakusema kitu. Angesema nini, kwamba yeye ndiye mlinzi wa mama yake? Muhula uliofuata aliacha kwenda, akahamia maskani kwa vijana waliomzidi umri, na huko hakuna aliyemuuliza kwa nini amechelewa.

Nyumba ile ilikuwa na faili tatu. Polisi, faili ya mama, mwishoni imeandikwa kwamba wamepatana. Kwa afisa wa watoto, faili ya mdogo wake wa kike, kuhusu pesa za matumizi. Na baadaye, faili ya kijana mwenyewe, wizi wa simu kwa kutumia kisu. Katika faili hii ya tatu hapakuwa na neno hata moja kuhusu zile mbili. Mimi nilizijua zote kwa sababu mama alinisimulia tukiwa tumekaa benchi moja tukisubiri kuitwa. Afisa aliyeandika ripoti ya kijana hakuwa mzembe. Hakuna aliyempa za mwanzo, na hakuna utaratibu uliomtaka azitafute.

Sisi wa Pwani tumelelewa kusitiri. Ya nyumbani hayatoki nje, na ndoa ikiyumba wanaitwa wazee wa pande zote mbili, wakishindwa anaendewa sheikh au mchungaji, mwisho ni kwa kadhi au hakimu. Sitaudharau utaratibu huo, maana nimeuona ukituliza nyumba ambazo polisi wangezivunja. Lakini una pengo kubwa: mtoto haulizwi. Wazee wakishaketi, mtoto hutumwa dukani akanunue sukari ili watu wazima wazungumze, kana kwamba usiku ule alikuwa amelala. Edleson na wenzake walitunga dodoso la kumuuliza mtoto mwenyewe, wa miaka 10 hadi 16: ameona nini, amesikia nini, mara ngapi, na yeye alifanya nini. Hilo swali la mwisho ndilo lililonishika. Watoto wengi huwa wamefanya kitu. Wamejitia kati, wamempigia mjomba simu, wamewafungia wadogo zao chumbani, au wamemngoja baba alale.

Najua kuna watakaosema kwamba tukianza kuuliza hivi, mama ataogopa kunyang'anywa watoto. Hofu hiyo ina msingi, na msomi huyu hakuificha. Mwaka 1999 jimbo la Minnesota lilibadilisha sheria, mtoto aliyeshuhudia kupigwa kwa mzazi akahesabiwa kuwa ametelekezwa. Nia ilikuwa njema. Ripoti zikamiminika, pesa za kuwahudumia watoto hao hazikuongezwa, na mwaka 2000 kifungu kikaondolewa. Edleson aliandika wazi kwamba watoto hawaumii kwa kiwango kimoja, na kwamba si kila aliyeshuhudia wa kuingizwa kwenye mashine ya serikali. Familia nyingi zipewe msaada kwa hiari, karibu na nyumbani. Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York nayo ikasema kwamba mama kupigwa mbele ya mtoto wake hakutoshi kuwa sababu ya kumchukua mtoto huyo. Mtu aliyetumia miaka mingi kuonyesha madhara kwa watoto alipaza sauti pia kuwakinga mama zao na sheria iliyotungwa kwa haraka. Usomi wa aina hiyo ndio ninaoutamani hapa kwetu.

Hatuna uhaba wa takwimu. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Utafiti wa 2010 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 66 ya wasichana na 73 ya wavulana walipata kipigo kabla ya kutimiza miaka 18. Ulifanywa tena 2019. Lakini kila mara huulizwa watu wengine. Tunajua wangapi waliumizwa. Tusichokijua ni nini kiliwafanya baadhi yao wasimame.

Ili kulijua hilo lazima mtu akae na watoto wale wale miaka mingi. Emmy Werner, mwanasaikolojia wa Marekani, alifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wa makamo. Thuluthi moja ya wale waliokulia katika ufukara na nyumba zenye ugomvi au maradhi walikua watu wazima wenye kujiweza na wenye huruma. Karibu wote walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika tangu utotoni, awe bibi, shangazi au mwalimu. Nikisoma hayo nawaona ustadh wa madrasa, kocha wa timu ya mtaa anayewanunulia vijana maji kwa pesa zake, bibi wa Majengo anayepikia wajukuu ambao si wa damu yake. Watu hawa wanafanya kazi ya maendeleo ya vijana bila kulipwa, na sijaona mradi uliokwenda kuwauliza wanafanyaje.

Vya kuanzia tunavyo. Kuna Mahakama ya Watoto Tononoka na kituo cha manusura wa ukatili cha Hospitali ya Coast General. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibishwa kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu mtoto aelekezwe kwenye msaada badala ya kesi. Ninachoiomba kaunti pamoja na vyuo vyetu ni kumlipa mtafiti wa ustawi wa jamii, Mswahili wa hapa hapa anayejua kuingia nyumba za watu kwa adabu, afuate kundi moja la watoto wa Likoni na Kisauni kwa miaka 20, kwa idhini ya wazazi na majina yakiwa yamefichwa. Pesa za warsha moja ya hoteli ya ufukweni zingemlipa miezi yake kadhaa ya mwanzo. Na wakati huo, kwenye fomu ya ripoti ya kila kijana anayefikishwa mahakamani, iongezwe nafasi ya swali moja: je, kuna faili nyingine ya nyumba hii, na iko ofisi gani?