Kabla ya Bei, Mweleze Mtandao Unabeba Nini

Septemba 2017 nilimsaidia jirani yangu, mama anayeuza mitumba Gikomba, kununua Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ya shilingi 1,000. Nilimweleza jinsi bei ilivyokuwa ikipanda, basi. Krismasi ilipokaribia thamani ilikuwa imezidi mara tatu, akataka kuitoa aongeze bidhaa. Tukakuta ada ya wastani ya kutuma imepita dola 50, zaidi ya shilingi 5,000 za wakati huo. Pesa anaiona kwenye simu, lakini kuihamisha ni ghali kuliko pesa yenyewe. "Mwanangu, sasa hii ni yangu vipi?" Swali hilo bado linaniuma.

Ada ile haikupandishwa na bosi yeyote. Tangu Januari 2009, Bitcoin huandika miamala kwenye daftari lake la pamoja kwa mafungu yaitwayo bloku, moja kila baada ya dakika 10 hivi, na ukubwa wa bloku una kikomo. Ukipiga hesabu ni miamala kama 7 kwa sekunde, dunia nzima. Watu wakizidi nafasi, hali huwa ile ya matatu za jioni mvua ikinyesha: nauli inapanda, mwenye nacho anaondoka. Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazofunga bloku, yalipopunguzwa nusu, ada zilipaa tena.

Wanaoutetea udogo huo wana hoja, nami naikubali kuliko zamani. Bloku zikiwa ndogo, mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukagua daftari lote mwenyewe, bila kumwamini yeyote. Zikikuzwa mno, ukaguzi utabaki kwa wenye mitambo mikubwa, na tutakuwa tumejitafutia mabwana wapya. Mzozo huo ndio uliozaa Bitcoin Cash, sarafu iliyojitenga na Bitcoin Agosti 2017, yenye bloku za megabaiti 8. Wengi hawakuifuata.

Njia ya kati ni Lightning, mtandao uliojengwa juu ya Bitcoin kupitisha malipo madogo kwa ada ndogo sana. Kibera wapo wafanyabiashara wadogo wanaolipwa hivyo, na hilo linanipa moyo kweli. Ila kujifungulia njia yako humo bado kunadai muamala kwenye daftari kuu, pamoja na ada yake. Ndiyo maana wengi hutumia pochi za kidijitali ambazo funguo zake, yaani siri za kuruhusu pesa itoke, zinashikwa na kampuni, na hapo ile ahadi ya kumiliki pesa yako mwenyewe inapungua. Tena, ukikosea namba kwenye M-Pesa unatuma ujumbe kwenda namba 456 kuomba pesa irudishwe. Bitcoin haina wa kumwomba.

Siku hizi mtu akitaka nimwonyeshe, tunaanza na shilingi 200. Anatuma, anapokea, anaona ada ya siku hiyo, anaandika kwenye karatasi maneno yake 12 ya siri ya kurudisha pochi yake. Bei tunaiangalia mwisho. Bitcoin ya jirani yangu niliinunua mimi mwenyewe kutoka kwake, kwa bei ya siku ile aliyotaka kuitoa. Hajaniuliza tena habari zake, nami sijamshawishi.